Sitara katika nyumba ya kupanga Goma, bila msumari hata mmoja

Kabla ya kununua kitambaa, jua kwanza macho ya watu yanaingilia wapi. Simama nje mara mbili: saa nane mchana, kisha saa mbili usiku, mtu akiwa ndani na taa inawaka. Mchana voali nyeupe (kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga) inatosha, maana mwanga wa nje unaushinda wa ndani. Usiku mambo yanageuka, voali ile ile inamwonyesha aliye ndani mzimamzima. Kwa hiyo dirisha linalotazama barabara au bomba la maji la palseli (uwanja wa nyumba) linataka vitambaa viwili, voali ya mchana na rido (pazia) nzito ya usiku. Dirisha linalotazama ukuta mtupu wa jirani liache lilivyo.

Kisha piga picha kwa simu: kuta, fremu, milango, hata matundu ya misumari aliyoacha mpangaji wa zamani. Mtumie bayeri (mwenye nyumba) siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Sheria ya Kongo nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti (pesa ya dhamana) ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3 ya kodi, lakini hata hiyo miezi 3 ni pesa inayouma, na ubishi wa kuirudisha mara nyingi huanzia kwenye matundu ya ukuta.

Kwenye madirisha, antivoli (vyuma vya kuzuia wezi) ndiyo itakayokubebea rido. Chukua waya laini wa mafundi chuma, uuzungushie utepe wa plastiki (bila utepe unapata kutu, na kutu inachafua kitambaa na rangi ya fremu), ufunge kitanzi kimoja kila pembe ya juu ya antivoli, kisha upitishe bomba la plastiki la nyaya za umeme la milimita 20. Bomba hilo linapinda likizidi mita moja na nusu, kwa hiyo dirisha pana lipewe kitanzi cha tatu katikati. Pasipo antivoli, tumia fimbo ya springi inayojikaza kati ya kuta mbili za tundu la dirisha, na uweke kipande cha mpira wa ndani wa tairi kila ncha. Usiikaze kupita kiasi kwenye fremu ya mbao, maana inazisukuma mbao nje, na siku ya tatu fimbo inakuangukia.

Kitenge cha yadi 3 ni mita 2.74, upana wake karibu sentimeta 115. Kikate katikati upate vipande viwili vya sentimeta 137. Pindo la juu na la chini yatakula sentimeta 12, zitabaki 125, zinazofunika dirisha la urefu wa mita 1 na kupita kidogo kila upande. Kwa upana, vipande viwili vinakupa sentimeta 230. Dirisha la sentimeta 120 linapata karibu mara mbili yake, na ndivyo inavyotakiwa: rido iliyonyooka bila mikunjo inapitisha kivuli cha mtu usiku.

Kioo cha mlango kinasitirika kwa voali au dantela iliyobandikwa kwa maizena (wanga wa mahindi). Koroga vijiko viwili vikubwa vya maizena katika maji baridi kidogo, mimina kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uji uwe mzito, uache upoe. Pakaza kioo, bandika kitambaa, pakaza tena juu yake, halafu kata kingo kwa wembe kikishakauka. Usitumie unga wa foufou (wa muhogo), una nyuzi na mabonge. Kitenge kizito hakishiki vizuri, na bafuni mvuke unabandua kila kitu. Siku ya kuhama, maji ya vuguvugu yanakitoa bila alama.

Nyumba za mbao, kama za mtaa wa Birere, zina shida yake: nyufa kati ya mbao. Watu wengi wanasukumia karatoni, ikakaa vizuri wakati wa mvua, halafu kuanzia Juni inaanguka yenyewe. Ni kwamba mbao zinavimba kwa unyevu na kusinyaa kiangazi, wakati karatoni ikishagandamizwa hairudi. Tumia sponji ya godoro kuukuu. Ikate vipande vyembamba vyenye unene wa mara moja na nusu ya ufa, uviingize kwa mgongo wa kisu. Sponji inafuata mbao zinapofunguka na zinapofunga, na inatoka kwa mkono.

Hapa tunaomba mtusikilize sana. Ziba nyufa ambazo macho yanaweza kupenya tu, tangu sakafuni mpaka kimo cha mtu mrefu. Nafasi iliyo chini ya bati iache wazi. Nyufa hizo ndizo zilizokuwa zikitoa hewa mbaya ya makala (makaa), na hewa hiyo haina harufu: mbabula (jiko la makaa) iliyoingizwa ndani ya chumba kilichozibwa inaua watu wakiwa usingizini. Mbabula ibaki nje. Mshumaa na rido visikaribiane, na sponji inashika moto upesi, kwa hiyo usiiweke karibu na jiko.

Kugawa salo (sebule) iliyo pia chumba cha watoto, wengi wanageuza kabati likasimama katikati. Linafaa, hata sauti linazipunguza kidogo likijaa nguo, jambo ambalo rido haiwezi. Lakini Goma ardhi inatetemeka, kama wiki ile baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021. Kabati refu lisisimame kando ya godoro la mtoto. Chagua fupi, vitu vizito vikae chini.

Uani, ukitaka kusimamisha kizuizi cha macho, kuchimba shimo kwenye mwamba wa lava ni kujichosha bure. Simamisha nguzo ndani ya ndoo za lita 20: kipimo kimoja cha simenti, viwili vya mchanga, vitatu vya kokoto. Ndoo iliyojaa zege inafika karibu kilo 48. Changarawe nyepesi ya volkano peke yake haitoshi, ina matundu mengi na uzito mdogo. Hata zege haitashikilia bashi (turubai) iliyokazwa pande zote upepo wa ziwa unapokuja, maana bashi inashika upepo kama tanga. Tumia mkeka wa matete unaopitisha hewa, kimo kisizidi mita moja na nusu, nguzo moja uifunge kwa kamba kwenye mhimili wa baraza. Kama una bashi tu, funga juu peke yake na uache chini huru, ili upepo mkali uiinue badala ya kuiangusha pamoja na ndoo.