Namna ya Kulinganisha Shule za Serikali, za Binafsi na za Kimataifa Tanzania

Mzazi anayetafuta shule ya sekondari huanza kwa kuangalia wastani wa matokeo ya kidato cha nne, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu wastani huo hausemi shule ilipokea wanafunzi wa namna gani wala iliwaondoa wangapi kabla ya mtihani. Ilboru, Kibaha na Mzumbe ni shule za serikali zinazopokea waliofaulu kwa alama za juu kabisa; kuzipima kwa kipimo kimoja na shule ya kata inayopokea kila aliyefaulu katika eneo lake ni kuwaonea walimu wa kata.

Ingia katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), ufungue matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2024 ya shule unayoifikiria, kisha ya kidato cha pili ya mwaka 2022 ya shule hiyohiyo, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ni darasa lilelile. Tuseme mwaka 2022 walikuwa watahiniwa 120 na mwaka 2024 wamebaki 80. Hao 40 wamekwenda wapi? Wapo wanaohama na wapo wanaokariri darasa, lakini pengo kubwa linapojirudia mwaka hadi mwaka ni dalili ya mchujo, yaani shule inang'arisha matokeo yake kwa kuwatoa watoto dhaifu badala ya kuwafundisha. Jambo hili naliona kuwa dhuluma kwa mtoto, na shule ya namna hiyo singeipendekeza hata kama wote waliobaki wamepata daraja la kwanza. Hesabu pia walioishia daraja la nne na sifuri, kwa sababu huko ndiko unakoona jinsi shule inavyomtunza mwanafunzi wa kawaida.

Shule ya kimataifa inayofuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza au wa IB (International Baccalaureate) haimo katika matokeo hayo ya NECTA. Iombe matokeo ya wanafunzi wote, si ya watatu waliobandikwa ukutani, na uhakikishe kwa chombo chenyewe cha mitihani kwamba shule inatambuliwa, kwani neno "kimataifa" katika jina si uthibitisho. Mtoto atakayeomba chuo kikuu nchini atahitaji NECTA ikilinganishe cheti chake na vyeti vya hapa nchini.

Baada ya hapo tembelea shule siku ya masomo, ukaombe kuona daftari la hisabati la mwanafunzi yeyote. Tazama tarehe: kazi ni ngapi kwa wiki, na je, mwalimu ameonyesha mahali mwanafunzi alipokosea au ameweka alama ya vema tu ukurasa mzima? Uliza walimu wa fizikia na hisabati ni wangapi. Kwa mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, uliza shule inamsaidiaje kuingia katika masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza.

Gharama ziulizwe kwa maandishi. Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini sare, nauli na chakula vingalipo; kwa shule za binafsi na za kimataifa ongeza usafiri, bweni na ada za mitihani, na ujue kama malipo ni kwa shilingi au kwa dola.