Kabla hujainua pikapu ya zamani nyumbani: mambo ya kuzingatia

Watu wakinijia kuhusu kuinua pikapu, yaani kuifanya ikae juu kuliko ilivyotoka kiwandani, huanza na springi: inchi ngapi, za kampuni gani, zinauzwaje. Mimi huanza na kutu. Gari lililoishi Mombasa miaka ishirini na ushei limelamba chumvi mchana na usiku, na springi mpya, ziwe nzuri vipi, zitafungwa kwenye chesisi ile ile kuukuu, mahali ambapo bolti hazijaguswa tangu gari litoke kiwandani. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, tandika kadibodi, vaa miwani ya kazi, ingia chini ya gari na tochi na nyundo ndogo.

Gongagonga chesisi taratibu, hasa pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na kwenye vishikio vya springi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, na magamba ya kutu yanakumwagikia usoni. Uliza pia gari lilikuwa likifanya kazi gani kabla halijafika kwako. Pikapu iliyobeba samaki itazame mara mbili: barafu ikiyeyuka, maji yale ya chumvi huteremka kwenye mianya ya bodi na kutuama ndani ya chesisi, usipoweza kuona. Iliyokuwa ikirudishwa nyuma hadi baharini kushusha mashua ni vivyo hivyo. Ukichokoa kwa bisibisi nayo ikazama, habari ya kuinua imekwisha kwa sasa. Mtafute mchomeleaji anayejua chesisi, springi zitasubiri.

Hatua ya pili haina gharama: pima. Egesha mahali tambarare, gari likiwa tupu, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, na uandike. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Springi za majani, vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo mafundi wa zamani wanaviita kamani, hulala kadiri miaka inavyokwenda. Usishangae upande wa dereva ukiwa chini kuliko wa pili. Nimeona watu waliotaka kuinua gari kumbe walichohitaji ni kulirudisha kimo chake, na seti ya springi za kawaida ingewatosha. Na kama unainua ili upakie zaidi, acha kabisa. Ekseli, breki na chesisi ni zile zile, na mzigo unaoruhusiwa hauongezeki kwa sababu gari limerefuka.

Kwa kazi ya nyumbani mimi sivuki inchi 2, yaani kama milimita 50. Ukizidi hapo, propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inakaa kwa pembe mbaya na gari linaanza kutetemeka, mipira inayopitisha mafuta ya breki inavutika, na kila unachorekebisha kinakuzalia kingine. Jua vilevile gari lako limejengwaje mbele. Hilux ya aina ya LN106 ina springi za majani mbele na nyuma, juu ya ekseli nzima. Nissan Hardbody D22 mbele haina springi hizo. Ina tosheni baa, vyuma virefu vinavyojisokota. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa ukikaza bolti ya kurekebishia gari linapanda bila kununua kitu. Linapanda, ndiyo, lakini mkono wa juu unaoshika gurudumu unakaribia kugota kwenye mpira wake wa kikomo, na kila shimo la barabarani unalisikia kiunoni. Ukiamua kuzigusa, tia alama ya rangi na uhesabu nyuzi za bolti zinazoonekana kabla hujazungusha chochote. Zilegeze magurudumu yakiwa yananing'inia, na usibadilishe ya kushoto na ya kulia. Chuma kilichosokotwa kina nguvu ya kuvunja mkono.

Sasa turudi kwenye bolti. Jumapili moja nilikuwa na kijana wa jirani uani, tunatoa springi ya nyuma ya pikapu yangu. Nati ilitoka kwa upole hata nikamtania kwamba tutamaliza kabla ya adhuhuri. Kisha tukashika kichwa cha bolti kubwa inayopita kwenye jicho la springi, lile tundu la mwisho wake. Ikageuka kama robo, tukafurahi. Tulipoachia spana, ikarudi yenyewe pale pale. Tukageuza tena, ikarudi tena, kama mlango wenye springi. Bolti ilikuwa imeshikana kwa kutu na bomba dogo la chuma lililo ndani ya bushi, yaani ule mpira unaokaa ndani ya jicho, na tulichokuwa tukizungusha ni mpira tu. Kijana akaketi kwenye tairi, akafuta jasho, akasema, "Ami, hii haitoki leo." Haikutoka. Tuliikata Jumatatu kwa grinda, pande zote mbili za jicho, na gari likalala juu ya stendi usiku mzima kwa sababu sikuwa nimenunua bolti za akiba na maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa.

Kwa hiyo chukulia kwamba hiyo bolti yako nayo haitatoka. Siku tano au sita kabla, safisha nyuzi zote kwa brashi ya waya na uzinyunyizie mafuta ya kupenyeza kutu, asubuhi na jioni. Nunua bolti na pini za springi, nati, washa, bushi na senta bolti (ile inayoshikanisha majani katikati) pamoja na springi, usingoje kuona kama za zamani zinafaa. Yu-bolti, zile zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ni mpya lazima, hilo sina mjadala nalo: zikishakazwa mara moja zimevutika, na nyuzi zake hazishiki tena inavyotakiwa. Weka na diski kadhaa za kukatia. Ila kabla hujawasha grinda, angalia tangi la mafuta na paipu zake ziko wapi. Kwenye pikapu nyingi haziko mbali na springi, na cheche haziulizi. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Mchanga Mombasa hatuununui.

Mchanga huo huo ni adui wako wa pili. Nyua nyingi hapa ni mchanga au kifusi cha matumbawe, na stendi ya jeki yenye miguu myembamba huzama upande mmoja bila kutoa taarifa. Kama huna sakafu ya zege, tafuta vipande vya mbao ngumu na nene, vipana kuliko miguu ya stendi, uvilaze sawasawa. Matofali usiyategemee, yawe ya saruji au ya mawe ya matumbawe, hupasuka ghafla. Stendi zikae chini ya chesisi, jeki iwe chini ya ekseli kuipandisha na kuishusha, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe pande zote mbili. Kisha lisukume gari kwa bega, kwa nguvu. Likicheza, shusha uanze upya. Fanya upande mmoja kwa wakati mmoja ili ekseli isihame, na usiiache ekseli ining'inie kwa mpira wa breki hata dakika moja.

Nikishataja breki, kuna kitu kimoja ambacho wauzaji wa springi hawakitaji. Pikapu nyingi za zamani zina valvu ya breki ya nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Fimbo hiyo ndiyo inayoiambia valvu kama gari lina mzigo: nyuma ikishuka, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi, ikipanda, zinapunguziwa. Ukiinua gari, valvu inadhani pikapu haina kitu siku zote, hata ukipakia mifuko ya saruji hadi juu. Itafute kabla, ipige picha, uhakikishe seti unayonunua ina kibati cha kuisogeza kwa kiasi kile kile ulichoinua. Kama haina, kitengenezwe kwanza. Pima pia mipira ya breki na paipu ya pumzi ya difu (ile inayopitisha hewa ya ndani ya ekseli) kama zinafika.

Siku ya kazi ichague kwa akili. Jumapili umeshasikia yangu. Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa swala, jambo jema, lakini si jema kwako ukiwa na gari hewani na nati moja imepotea. Mimi napenda Jumanne au Jumatano, alfajiri, kabla jua halijapanda. Masika usijaribu uani kusiko na paa. Kama spana au grinda yako inategemea stima, jua kwamba stima ina siku zake. Na uwe na njia nyingine ya kufika dukani. Gari lako ndilo lililopanguliwa.

Kuna karatasi moja ya kubandika ukutani kabla ya kuanza: bolti za bushi hazikazwi hadi mwisho gari likiwa juu. Zifunge kwa mkono tu, shusha gari likanyage kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira unabaki umejipinda maisha yake yote na utachanika mapema. Nimeliandika hili kwa kalamu nyekundu kwa sababu jioni ukiwa umechoka ndilo la kwanza kusahaulika.

Weka miadi ya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, kabla hujagusa spana, ya kesho yake, na uende huko polepole. Mteremko wa Mazeras si mahali pa kujaribia springi. Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi, maana isipojua inaweza kukataa kulipa. Pikapu iliyosajiliwa kwa biashara ina ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kila mwaka, na mkaguzi atatazama chini. Yu-bolti zikazwe tena baada ya siku chache za kuendesha, na tena ukifikisha kama kilomita 500.

Taa nazo zimepanda pamoja na gari. Jioni kabla ya kazi, egesha mita chache kutoka ukutani, uweke alama ya chaki mwanga unapokatikia, na alama nyingine pale matairi yaliposimama. Baada ya kazi rudi pale pale, ushushe taa hadi mwanga urejee kwenye chaki.