Namna ya Kurekebisha Baipasi Katika Mzunguko wa Maji ya Viyoyozi

Somo hili ni la fundi aliyekabidhiwa nyumba ya wageni hapa Malindi ambayo vyumba vyake hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu moja ya kasi isiyobadilika. Wageni wanapojaa, vali za vyumba huwa wazi na pampu hutulia. Msimu wa kusi, vyumba vikiwa vitupu, vali hufunga moja baada ya nyingine, maji hukosa pa kupita, na tofauti ya presha kati ya bomba la kwenda na bomba la kurudi hupanda hadi vali zilizobaki wazi zianze kupiga mluzi. Baipasi, yaani vali yenye springi, huyaunganisha mabomba hayo mawili, nayo hufunguka tofauti hiyo inapovuka kiwango ulichoweka.

Kwanza, fungua vali zote za vyumba, kaza springi ya baipasi mpaka ifunge kabisa, kisha washa pampu na utoe hewa.

Pili, pima presha pande zote mbili za baipasi. Tumia geji moja, ukiihamisha na kuiweka kwenye kimo kilekile, kwa sababu geji mbili zilizokaa miaka katika upepo wa chumvi haziafikiani, na kila mita moja ya kimo hubadilisha kipimo kwa takriban bar 0.1. Tuseme umepata bar 2.1 na bar 1.6: tofauti ni bar 0.5.

Tatu, legeza springi taratibu mpaka tofauti hiyo ianze kushuka, kisha uikaze kidogo tu kupita hapo. Usiamini mkono wako juu ya bomba, kwani chuma hupitisha ubaridi hata vali ikiwa imefungwa.

Nne, funga vyumba kimoja kimoja. Tofauti itapanda kidogo kisha itulie, na huko si kuharibika, maana springi huhitaji nguvu zaidi ili ifunguke zaidi. Ikiendelea kupanda bila kikomo, vali ya baipasi ni ndogo mno.

Swali: Shikamoo, fundi. Niko Lamu. Chumba cha mwisho hakipoi mchana, ingawa pampu ni mpya.

Jibu: Marahaba. Huenda springi imelegezwa mno, maji yakapita njia ya mkato. Niliwahi kuitwa mahali ambapo walilegeza hivyo ili kunyamazisha mluzi, vyumba vikakosa ubaridi, wakanunua pampu kubwa zaidi. Springi ilipokazwa, mluzi ukarudi kwa kishindo. Pampu kubwa mno haitibiwi kwa baipasi, nayo hula umeme usiku kucha.

Swali: Pampu yenye inveta, yaani kifaa cha kubadilisha kasi yake, inahitaji baipasi?

Jibu: Mara nyingi inahitaji ndogo, kwa sababu mtambo wa kupoza una kiwango cha chini cha mtiririko, na ukikosa maji ya kutosha, yaliyomo ndani yanaweza kuganda na kupasua mirija.

Swali: Vali ya usalama haiwezi kufanya kazi hiyo?

Jibu: Haiwezi. Yenyewe hupima presha dhidi ya hewa ya nje na kuyamwaga maji sakafuni.