Kocha Ajaye Awe Nani? Namna ya Kuujadili Uteuzi Bila Kuanza na Jina

Mjadala wa mashabiki kuhusu kocha ajaye huharibika mara nyingi katika dakika yake ya kwanza, pale mmoja wao anapotaja jina. Jina likishatajwa, wanaolipenda hugeuka mawakili wake, wasiolipenda hugeuka waendesha mashtaka, na tangu hapo hakuna anayetafuta jibu tena. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio mwingine: kwanza mkubaliane kazi yenyewe ni ipi, kisha mkipime kikosi kilichopo, halafu mzisome rekodi za makocha kwa jicho kali, na jina lije baada ya hayo yote. Shabiki mwenye haraka ataulalamikia mpangilio huu, na alalamike tu.

Kilichomwondoa aliyetangulia

Swali la kwanza la kuulizana ni kwamba kocha aliyeondoka alishindwa nini hasa. Kujibu kuwa timu ilikuwa inafungwa hakutoshi, kwa sababu timu hufungwa kwa namna zisizofanana, na kila namna inadai kocha wa aina yake. Timu inayotengeneza nafasi nyingi ambazo washambuliaji wake wanazipoteza haina tatizo sawa na timu isiyofika kabisa kwenye eneo la hatari la mpinzani. Wala timu inayoruhusu mabao ya kona haiugui ugonjwa mmoja na ile ambayo viungo wake huachwa nyuma kila mpira unapopotea.

Hapa takwimu ya mabao yanayotarajiwa husaidia sana. Takwimu hiyo hulipa kila shuti thamani kati ya 0 na 1 kulingana na uwezekano wa shuti hilo kuwa bao, ikizingatia umbali, pembe na mazingira ya mpigaji. Penalti, kwa mfano, hukadiriwa karibu na 0.8. Mkijumlisha thamani hizo katika mechi 10 au 15 mkaona kwamba timu yenu ilistahili mabao mengi kuliko iliyofunga, na wapinzani walistahili machache kuliko waliyopata, basi huenda sehemu kubwa ya balaa ilikuwa bahati mbaya, na kocha mpya hatahitaji kubomoa kila kitu.

Jambo hilo ndilo linaloeleza, kwa kiasi kikubwa, ule uhai unaoonekana kocha mpya anapoingia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika soka mwenyeji mara nyingi hupona kweli, ila si kwa dawa ya mgeni peke yake. Klabu humfuta kazi kocha matokeo yanapokuwa yamefika chini kabisa, na matokeo yaliyoshuka chini ya uwezo halisi wa timu yana kawaida ya kupanda hata kama hakuna kilichoguswa. Ole Gunnar Solskjær alipokabidhiwa Manchester United kwa muda mnamo Desemba 2018, alishinda mechi nane za kwanza mfululizo, na kufikia mwisho wa Machi 2019 alikuwa ameshinda 14 kati ya 19. Mashabiki wengi waliona hakuna haja ya kutafuta mwingine, na klabu ikampa mkataba wa miaka mitatu. Katika mechi nane za ligi zilizobaki baada ya mkataba huo, timu ilishinda mbili tu na kumaliza msimu katika nafasi ya sita.

Sisemi kwamba kocha wa muda asipewe kazi kamwe. Hansi Flick alichukua Bayern Munich kwa muda mnamo Novemba 2019, akathibitishwa, na mwaka 2020 akatwaa ligi, kombe la Ujerumani na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Ninachosisitiza ni kwamba ushindi wa wiki sita usihesabiwe kama ushahidi kamili. Waulizeni wanaomtetea kocha wa muda mambo mawili: alicheza na nani katika mechi hizo, na je, timu ilitengeneza nafasi bora kuliko zamani au ilianza tu kufunga nafasi zilezile ilizokuwa ikizikosa? Mjibuji akishindwa kutofautisha mambo hayo, msimtilie maanani.

Baada ya kukubaliana kuhusu ugonjwa, kubalianeni kuhusu lengo, tena kwa maneno yanayopimika. Kumaliza ndani ya nne bora katika misimu miwili ni lengo. Kurudisha heshima ya klabu ni hisia. Nimewahi kukaa katika mjadala wa saa mbili ambao mwisho wake iligundulika kwamba nusu ya waliokuwapo walitaka timu iepuke kushuka daraja na nusu nyingine walitaka ubingwa, na hakuna aliyekuwa amelisema hilo waziwazi.

Kikosi mlicho nacho

Hili ndilo eneo lenye utajiri kuliko mengine yote, na ndilo linalorukwa zaidi. Kaeni na orodha ya wachezaji, umri wao, na tarehe za kumalizika kwa mikataba yao. Kocha anayetaka presha ya juu, yaani kumbana mpinzani karibu na lango lake, huhitaji mabeki wa kati wenye kasi ya kulinda uwanja mpana nyuma yao, kipa asiyeogopa kutoka golini, na washambuliaji wanaokubali kukimbia bila mpira. Ukiwa na mabeki wa miaka 33 waliozoea kukaba wakiwa ndani ya eneo lao, unamwagiza kocha huyo aje kufundisha kikosi ambacho hakipo. Vivyo hivyo, kocha anayependa kukaa nyuma na kushambulia kwa kushtukiza atakuwa na kazi ngumu ikiwa klabu imetumia fedha zake zote kwa viungo wafupi wapiga pasi ambao hawana mtu wa mbio wa kumpelekea mpira.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: wachezaji saba kati ya 11 wanaoanza leo wawe na nafasi inayoeleweka katika mfumo wa kocha anayependekezwa. Wakipungua saba, anayempendekeza anatakiwa aeleze fedha za kununua wengine zitatoka wapi, na nani atawanunua wale wasiotakiwa, maana mchezaji mwenye mkataba mrefu na mshahara mkubwa haondoki kwa sababu tu kocha hampendi.

Hata hivyo, msichanganye mfumo na namba zilizoandikwa ubaoni. Antonio Conte aliingia Chelsea mwaka 2016, na baada ya kufungwa 3-0 na Arsenal mnamo Septemba akahamia kwenye mabeki watatu. Upande wa kulia akampanga Victor Moses, winga ambaye kwa misimu kadhaa alikuwa akipelekwa kwa mkopo katika klabu nyingine, akamfanya beki wa pembeni mwenye jukumu la kupanda na kushuka. Chelsea ilishinda mechi 13 za ligi mfululizo na kuchukua ubingwa wa msimu wa 2016/17. Kwa hiyo, unapomchunguza kocha, usitazame tu mfumo alioutumia mwisho, bali tafuta kama amewahi kukikuta kikosi kisichomfaa na akakipatia njia bila kusubiri dirisha la usajili lifunguliwe. Mechi za timu yake iliyokuwa na majeruhi wengi zitakufunza zaidi kuliko fainali aliyoshinda akiwa na kila mtu.

Kuisoma rekodi

Mashabiki huisoma rekodi ya kocha kama wanavyosoma msimamo wa ligi, wakitazama mstari wa mwisho. Mstari huo hudanganya. Jürgen Klopp aliondoka Borussia Dortmund mwaka 2015 baada ya msimu ambao timu iliburura mkia mwezi Februari na kumaliza ya saba. Aliyemhukumu kwa msimu huo peke yake asingemtaka Liverpool, ambako alileta Ligi ya Mabingwa mwaka 2019 na ubingwa wa Uingereza mwaka 2020. Claudio Ranieri alifutwa kazi na timu ya taifa ya Ugiriki mnamo Novemba 2014 baada ya kufungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe, kisha akaipa Leicester City ubingwa wa msimu wa 2015/16. Wapo waliocheka alipoteuliwa, na nadhani hata mimi ningecheka.

Kosa la upande wa pili ni kuvutiwa na rekodi nzuri bila kuuliza iliandikwa wapi. David Moyes aliitumikia Everton kwa miaka 11, akiifanya klabu yenye fedha kidogo ishindane na wakubwa, na kwa ajili hiyo mwaka 2013 alikabidhiwa Manchester United kwa mkataba wa miaka sita. Aliondolewa Aprili 2014. Kazi ya kuzuia timu ndogo isizidiwe na kazi ya kuvunja ukuta wa timu inayokuja kupaki basi, yaani kurundika wachezaji golini kwake, kila wiki ni kazi mbili tofauti, ingawa zote zinaitwa ukocha. Kitu kingine kilichosahaulika katika mijadala ya wakati ule ni benchi la ufundi: wasaidizi wengi waliokuwa na Alex Ferguson, mtangulizi wake Manchester United, waliondoka, na pamoja nao yakaondoka mazoea ambayo wachezaji walikuwa wameyazoea. Anayependekeza kocha aeleze pia anakuja na nani. Ikumbukwe kwamba huyohuyo Moyes alitwaa kombe la Ulaya la Conference League akiwa na West Ham mwaka 2023, kwa hiyo si haki kusema hakuwa kocha. Alikuwa amepewa kazi isiyokuwa yake.

Njia ya haki ni kulinganisha nafasi aliyomaliza kocha na uwezo wa klabu aliyokuwa nayo. Nafasi ya timu mwishoni mwa msimu hufuatana kwa karibu na bajeti yake ya mishahara. Aliyemaliza wa sita akiwa na bajeti ya kumi na mbili amefanya kazi kubwa kuliko aliyemaliza wa pili akiwa na bajeti ya kwanza.

Mtu fulani atamtaja Ferguson ili kudai subira: aliingia Novemba 1986, kombe la kwanza likaja 1990, ubingwa wa ligi 1993. Mfano ni wa kweli, lakini umechoka kwa kutumiwa, na unasahau makocha wasiohesabika waliovumiliwa na hawakufika popote. Subira idaiwe kwa dalili zinazoonekana, kama vijana wanaokua au ulinzi unaoimarika, wala isidaiwe kwa sababu mzee mmoja aliwahi kusubiriwa.

Gwiji wa klabu

Hakuna jina linalopofusha mashabiki kama la mchezaji wao wa zamani. Pep Guardiola na Zinédine Zidane hutolewa kama ushahidi, na husahaulika kwamba wote wawili walifundisha kwanza timu za pili za klabu zao, Guardiola Barcelona msimu wa 2007/08 na Zidane Real Madrid kabla ya kupandishwa mnamo Januari 2016. Andrea Pirlo alikabidhiwa timu kuu ya Juventus, klabu aliyowahi kuichezea, Agosti 2020, siku chache tu baada ya kutangazwa kuwa kocha wa vijana, kabla hajaongoza mechi hata moja. Klabu iliyokuwa imechukua ubingwa mara tisa mfululizo ilimaliza ya nne, na ingawa alishinda Kombe la Italia, aliondolewa. Kwa upande mwingine, Arrigo Sacchi hakuwahi kucheza soka la kulipwa, na Milan yake ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990. Kwa hiyo anayemleta gwiji aulizwe swali moja tu: ungemtaka mtu huyu, kwa kazi za ukocha alizozifanya, kama angekuwa alichezea wapinzani wetu?

Mambo ya mkataba yapite haraka, lakini yasirukwe. Je, kocha huyo yuko huru au klabu yake itadai fidia? Ana leseni inayotakiwa na ligi? Atakubali kufanya kazi chini ya mkurugenzi wa michezo anayesajili, au anataka kusajili mwenyewe? Majibu ya maswali haya huondoa nusu ya majina kabla sauti hazijapanda.

Majina yanapofika mezani

Sasa majina yatajwe, na yasizidi matano. Kila jina liletwe pamoja na hasara yake, kwa maana kwamba anayelipendekeza ndiye anayeanza kueleza klabu itapoteza nini kwa kumchukua kocha huyo: labda mshambuliaji kipenzi hatakuwa na nafasi, labda vijana wa akademi watasubiri, labda soka litakuwa la kubana na lisilopendeza macho. Jina lisilo na hasara limeletwa na mtu ambaye hajalichunguza. Kisha badilishaneni, yaani kila mmoja alitetee kwa dakika tano jina asilolipenda. Mara ya kwanza watu watalifanya kwa mzaha, lakini ni katika zoezi hilo ndipo hoja nzuri hujitokeza, kwa kuwa mtetezi hana fahari ya kuilinda.

Kabla ya kutawanyika, kila mmoja aandike jina alilolichagua, sababu mbili za kulichagua, na dalili anayotarajia kuiona baada ya mechi 15, iwe ni idadi ya mabao ya kona yaliyopungua au ni mchezaji fulani aliyefufuka. Karatasi hizo ziwekwe kwa mtu mmoja mwaminifu. Klabu itamteua inayemtaka, pengine mtu ambaye hakutajwa kabisa. Baada ya mechi ya 15 karatasi zifunguliwe, zisomwe kwa sauti, na mjadala uanzie hapo.