Ukitaka kufungua darasa la cherehani mtaani

Kabla ya kuhangaikia mashine, hangaikia saa. Hapa kwetu Mbagala, Dar es Salaam, mama wa vitumbua anapata nafasi kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi, kisha anawahi jikoni. Ukipanga darasa asubuhi utafundisha viti. Na mwenye mtoto mchanga aje naye. Tandika mkeka, ila mbali na pasi ya mkaa.

Chagua cherehani za mguu. Umeme ukikatika, kazi inaendelea. Wawili kwa mashine moja wanatosha: mmoja anashona, mwenzake anamwangalia mkono, na mara nyingi ndiye anayejifunza zaidi.

Siku za mwanzo usitoe kitambaa. Chora mistari kwenye gazeti, chomoa uzi, weka sindano iliyokwisha makali, waendeshe juu ya mistari hiyo. Kisha inua gazeti kwenye mwanga: matundu yataonyesha mguu uliokimbia na kona iliyopitilizwa, hata huna haja ya kusema.

Sasa lile gumu. Usiulize mbele za watu nani hajui kusoma. Atakayeona aibu hutamwona tena. Mpe kila mmoja futi kamba na daftari la vipimo. Kifua kikiwa inchi 36, ashike kwenye 36, akunje mpaka ikutane na mwanzo, akunje tena: itaishia kwenye 9. Hiyo ndiyo robo ya kukatia, bado kuongeza nafasi ya mwili na ya mshono. Amegawanya kwa nne bila kuogopa neno hesabu. Daftari nalo linataka jina la mteja, na hapo herufi zinaingia zenyewe. Si jambo geni: baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisomo cha Kanda ya Ziwa kilifundishwa kwa vitabu vya kilimo cha pamba na migomba.

Bure kabisa sishauri. Wachange kidogo kila wiki, ya uzi, sindano na mafuta ya mashine. Aliyechanga haachi kuja.

Wakishaiva, waunde kikundi na kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Cheti nacho kinawezekana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima mafundi waliojifunzia kazini, huwaongezea wanachopungukiwa na kuwarasimishia ujuzi.

Gauni la harusi lisubiri. Pesa ya haraka iko kwenye kubadili zipu, kupunguza suruali na sare za shule. Anza darasa kabla ya Agosti, ili Desemba wazazi wakileta vitambaa, wanafunzi washike sketi. Kola za mashati shona mwenyewe kwanza.