Pomboo akipwelewa: namna ya kuandika unachokiona

Kwanza tazama tundu la kupumulia, lile la utosini. Likifunguka na kufunga, huyo yu hai. Weka daftari chini. Waite watu wachache wenye utulivu, si kijiji kizima. Mlazeni kifudifudi, chimbeni mchanga chini ya mapezi ya kifuani yasikunjike, mfunikeni kanga zilizorowa maji ya bahari, na tundu libaki wazi. Msimvute mkia, mtamvunja. Maji yakijaa, msaidieni kwa kumshika ubavuni mpaka aelee mwenyewe, na akiwa na mtoto waende pamoja. Wakati huo mmoja wenu awe anapiga simu kwa kamati ya wavuvi na watu wa Idara ya Uvuvi.

Lakini wengi tunaowakuta huku wamekwisha kufa. Mimi ni mkulima wa mwani, Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, likishusha maji asubuhi, sisi tuko nje mpaka karibu na mwamba, na tunaviona vitu kabla ya mtu yeyote wa ofisini.

Vifaa ni vichache: glovu, barakoa, vijiti viwili, kamba, futi ya fundi cherehani, simu yenye kamera, na penseli. Kalamu ya wino ikipata maji umepoteza siku nzima. Glovu si mapambo. Mzoga wa pomboo unaweza kuwa na vijidudu vinavyomwingia binadamu kupitia kidonda kidogo tu, na mikono ya mkulima wa mwani haikosi michubuko. Watoto na mbwa wakae mbali, na nyama isiliwe.

Piga picha kabla ya kugusa. Upande mzima wa kulia, upande mzima wa kushoto kama anageuzika, kichwa, meno, pezi la mgongoni, mkia juu na chini, na sehemu za siri. Weka kitu kinachojulikana ukubwa kando yake kila unapopiga. Pezi la mgongoni usilikose hata kidogo: makovu na mapengo yake ndiyo yanayomtambulisha pomboo mmojammoja, na wanaofuatilia pomboo wa Kizimkazi na ghuba ya Menai, kusini ya Unguja, wanaweka picha za mapezi kwa ajili hiyo. Kama chini ya pezi kuna nundu ndefu, andika nundu. Huyo ni wa aina iliyo hatarini kutoweka duniani. Kama huijui aina, andika "pomboo", weka picha, basi.

Kupima kunawashinda wengi kwa sababu wanaipitisha futi juu ya mgongo, na mzoga uliovimba unaongeza urefu ambao mnyama hakuwa nao. Chomeka kijiti kimoja mchangani usawa wa ncha ya mdomo wa juu, kingine usawa wa ule mkato wa katikati ya mkia. Kisha nyosha kamba kati ya vijiti viwili, si juu ya mnyama, halafu pima kamba. Jinsia: jike ana mfereji mmoja mrefu na vijitundu vya maziwa pembeni, dume ana nafasi mbili zilizoachana.

Hali ya mzoga tunaipa namba, 1 mpaka 5. Moja yu hai. Mbili amekufa karibuni, ngozi inang'aa, hana harufu. Tatu ameanza kuvimba na ngozi inabanduka. Nne ameoza. Tano ni mifupa na ngozi kavu. Namba hii usiiruke, kwa sababu daktari wa wanyama anaamua kwa hiyo kama inafaa kufunga safari kuja kumpasua.

Sasa alama za mwilini. Hapa chukua muda wako. Mistari myembamba iliyozama kwenye mdomo, au kwenye ukingo wa mbele wa pezi, mara nyingi ni uzi wa wavu. Mkia uliokatwa ukaacha ukingo ulionyooka ni kazi ya kisu. Pomboo hutolewa hivyo kwenye jarife, wavu mrefu wa kutega, ili usichanwe. Papa huacha mapengo ya mviringo na nyama iliyochanika. Macho yakikosekana usimlaumu mtu, kaa na kunguru huanza hapo. Nyuma ya tundu la kupumulia pakibonyea badala ya kujaa, mnyama alikonda kabla ya kufa. Yote haya yaandike kama unavyoyaona: "mistari minne kwenye mdomo, upande wa kushoto". Usiandike "ameuawa na wavuvi wa mahali fulani". Hao ni waume zetu na kaka zetu. Siku wakijiona wanashitakiwa, mizoga itatobolewa matumbo izame hukohuko, na daftari lako litakuwa safi na la uongo.

Mnakumbuka Nungwi, kaskazini ya Unguja, tarehe 28 Aprili 2006? Pomboo wapatao 400 walikufa ufukweni, na kabla jua halijazama kila mtu alikuwa na sababu yake: sumu, manowari, mabomu. Waliopasua matumbo waliyakuta karibu hayana chakula. Hilo moja lililoonekana kwa macho lina uzito kuliko maneno yote ya barazani.

Ukimaliza, funga kamba ya rangi kwenye shina la mkia. Sisi tunatumia taitai, vile vikamba vya kufungia mwani. Maji yakimchukua usiku akatokea kijiji jirani cha Paje, wenzetu watajua ni yuleyule. Baada ya wataalamu kuchukua sampuli, au wakisema hawaji, zikeni juu ya mstari wa bamvua.

Na siku ambazo hukuona kitu, andika. Watu wananicheka kwa hili. Lakini kusi likivuma, vitu vinasukumwa upande wetu wa mashariki, kwa hiyo mizoga kuongezeka miezi hiyo huenda ni upepo tu. Bila kujua ni siku ngapi mlitembea na kutoka wapi mpaka wapi, hesabu haina maana. Tena wanaofika pwani ni wachache: Ghuba ya Mexico watafiti walikadiria mizoga 2 tu katika kila 100 ndiyo hupatikana.

Faida yake ipo. Ufaransa, mizoga ya pwani ya Biscay ilihesabiwa miaka mingi, mpaka mahakama kuu ya utawala ikaiamuru serikali ichukue hatua, na kuanzia 22 Januari hadi 20 Februari 2024 boti nyingi za wavu zenye mita 8 na zaidi zikasimama. Kufunga bahari mwezi mzima huku kwetu sikupendelei, watu watakula nini? Mimi napenda zaidi walichofanya Pakistan: wavuvi walishusha jarife mita 2 chini ya uso wa maji, na pomboo wanaonaswa wakapungua sana. Jambo kama hilo unaweza kukaa nalo na manahodha chini ya mkungu, ukiwa na daftari mkononi.

Nakala moja ya daftari ipelekeni Idara ya Uvuvi, nyingine Taasisi ya Sayansi za Bahari. Walioko Kenya wawaambie KWS, Shirika la Wanyamapori la huko. Daftari lenyewe libaki kwa kamati ya kijiji, na picha zihifadhiwe kwenye simu ya mtu wa pili pia.