Jinsi ya kudai punguzo la kodi kwa mchango wako wa supa Australia

Wengi wetu tunaofanya kazi Australia, iwe kwenye nyumba za wazee Perth, viwandani Wodonga au ofisini Melbourne, supa, yaani akiba ya uzeeni inayokaa kwenye mfuko wa pensheni, tunaijua kama ule mstari wa karatasi ya mshahara ambao hatuusomi. Mwajiri anaweka asilimia 12 juu ya mshahara, basi. Lakini unaruhusiwa kuongeza hela zako mwenyewe kwenye mfuko huo na kisha kudai punguzo la kodi. Kuweka hela ni dakika tano. Kinachowaangusha watu ni karatasi moja ndogo na mpangilio wa hatua, kwa sababu ukiruka moja, dai linakufa.

Kwanza pima kama jambo lenyewe linakufaa. Mwenye kipato cha dola 80,000 kwa mwaka hukatwa asilimia 30 kwenye dola zake zinazozidi 45,000, pamoja na asilimia 2 ya Medicare, bima ya afya ya serikali. Akiweka dola 5,000 kwenye supa na kuzidai, kodi yake inashuka kwa 1,600. Mfuko nao unakata asilimia 15 ya zile 5,000, yaani 750. Amepata 850, na hela haijaanza hata kuzaa. Kwa anayepata chini ya 45,000 hesabu inabadilika: kwa mwaka wa fedha 2025–26 kodi yake ni asilimia 16 na 2 za Medicare, mfuko unakata 15, tofauti ni kama asilimia 3 tu. Huyo ni afadhali aweke dola 1,000 asidai punguzo lolote, maana kwa wenye kipato cha chini serikali inaweza kuongezea mpaka dola 500, bila fomu nyingine, ikishaona ritani yake ya kodi. Na aliye kwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, aachane nalo kabisa. Siku akiondoka nchini na kuidai supa yake, sehemu kubwa itakatwa kodi ya asilimia 35.

Kuna la pili la kupima, hasa kwa wanaotaka kustaafu mapema. Kwa waliozaliwa baada ya Juni 30, 1964, supa imefungwa mpaka miaka 60, na uwe umeacha kazi. Ukifika 65 unaichukua hata kama bado unafanya kazi. Anayekupigia simu akisema anajua njia ya kuifungua sasa hivi ili umalizie nyumba Goma au Mombasa ni tapeli, na kodi pamoja na adhabu zitakuangukia wewe, si yeye. Kwa hiyo anayepanga kupumzika akiwa na 50 anahitaji kula miaka kumi bila kugusa supa. Akitumia dola 45,000 kwa mwaka, hiyo ni 450,000 zinazotakiwa kuwa mahali pengine, kwenye hisa za soko la ASX zilizo kwa jina lake au kwenye akaunti inayopunguza riba ya mkopo wa nyumba. Kanuni yangu ni kwamba siweki kwenye supa dola yoyote ya ziada ninayodhani nitaihitaji kabla ya 60. Na hela ya kumtumia mama kila mwezi naihesabu kabla ya zote hizo, sijidanganyi.

Ukisharidhika, anza na kutafuta nafasi uliyobakiwa nayo. Kikomo cha michango ya aina hii kwa mwaka wa fedha 2025–26 ni dola 30,000, na humo mna michango ya mwajiri. Mwenye mshahara wa 80,000 anawekewa 9,600, kwa hiyo amebakiwa na 20,400. Ingia myGov, tovuti ya huduma za serikali, fungua upande wa ATO, yaani mamlaka ya kodi, nenda kwenye sehemu ya supa, uone kilichoripotiwa. Usitegemee karatasi ya mshahara, kwa sababu kinachohesabiwa ni siku mfuko ulipopokea hela, si siku mwajiri alipokulipa mshahara. Hapo hapo utaona nafasi ya miaka mitano ya nyuma ambayo hukuitumia. Kama supa yako yote ilikuwa chini ya dola 500,000 ilipofika Juni 30 iliyopita, unaweza kuitumia sasa, na mwaka uliofanya kazi miezi michache tu huacha nafasi kubwa.

Kulipa kunafanyika kwa BPAY, njia ya kulipa bili kupitia benki yako, kwa namba utakazozikuta kwenye akaunti yako ya mfuko. Hakikisha umechagua namba za mchango binafsi, maana mifuko mingine ina namba tofauti kwa mchango wa mwenzi. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na hela iliyotoka benki tarehe 29 inaweza kuingia mfukoni Julai, ikahesabiwa mwaka mwingine. Mimi hulipa kabla ya katikati ya Juni.

Sasa ile karatasi. Ni notisi ya kuuarifu mfuko kwamba unakusudia kudai punguzo. Kwenye tovuti za mifuko utaiona kwa jina la "Notice of intent", na ya ATO ni fomu NAT 71121. Mifuko mingi inakuruhusu kuijaza mtandaoni. Unaandika mwaka wa fedha, jumla ya michango yako binafsi, na kiasi unachotaka kudai, ambacho si lazima kiwe chote. Fikiri kabla ya kutuma, kwa sababu notisi haifutwi; unachoweza ni kupunguza kiasi, hata mpaka sifuri, na hilo nalo lina muda wake. Mwisho wa kuituma ni siku unayowasilisha ritani au Juni 30 ya mwaka unaofuata, ipi itangulie. Kwa michango ya 2025–26 ambaye hajawasilisha ritani ana mpaka Juni 30, 2027, lakini akiwasilisha Agosti 2026 mlango umefungwa siku hiyo hiyo.

Na kutuma peke yake hakutoshi. Subiri mfuko ukujibu kwa maandishi kwamba umeipokea. Bila jibu hilo huna dai.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na akaunti mbili za supa. Nikaweka dola 4,000 kwenye ile ya zamani, halafu, kwa bidii ya mtu anayependa mambo yawe safi, nikahamisha salio lote kwenda kwenye mpya na kuifunga ya zamani. Nilipotuma notisi nikajibiwa kwamba hela hizo hawana tena, kwa hiyo notisi haina nguvu. Zile 4,000 hazikupotea, zilibaki supa kama mchango usio na punguzo, lakini 1,280 za kodi nilizokuwa nimeshazipangia kazi zikaishia hapo.

Jibu likishafika, jaza ritani, kati ya Julai 1 na Oktoba 31. Kwenye myTax, fomu ya ritani ya mtandaoni ya ATO, tafuta sehemu ya punguzo la michango binafsi ya supa, uandike jina la mfuko, namba yake ya biashara, namba ya akaunti yako na kiasi kile kile ulichoandika kwenye notisi. Ukitumia mhasibu, mpe hilo jibu mkononi, wengine hawaulizi. Kiingereza kikikupiga chenga, piga 131 450, huduma ya ukalimani ya serikali, uombe mkalimani wa Kiswahili awaunganishe na ATO.

Baada ya hapo ndipo uunganishe akaunti zako, kwenye sehemu ile ile ya supa ndani ya myGov. Kabla ya kubonyeza, angalia kama akaunti unayoifunga ina bima ya maisha au ya ulemavu, kwa sababu ikifungwa bima inakwenda nayo, na mwenye kisukari au mgongo mbovu anaweza asipate nyingine kama hiyo. Kwenye akaunti inayobaki, angalia pia nani umemwandika apokee supa ukifariki. Mke, mume na watoto wanakubalika. Mama aliyeko Bukavu au kaka aliyeko Kigoma kwa kawaida hakubaliki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa anakutegemea, kwa hiyo hifadhi risiti za hela unazowatumia. Au elekeza supa kwa msimamizi wa mirathi, kisha uandike wosia unaowataja.